Amejitoa, au Amejitolea?

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya mlango wa kinyozi na meza ya fundi saa, na ni benchi kwa jina tu. Ukilitazama vizuri ni mbao mbili za kitanda kilichovunjika, zimepigiliwa misumari, zikalazwa juu ya matofali. Mimi ndiye mwenye birika. Wananiita Bi Birika na sijakataa, maana yako majina mabaya zaidi ya hilo na hapa wapo wanaoyastahili. Wenye benchi ni watatu. Wa kwanza ni kinyozi, tunamwita Wakili, kwa sababu hajawahi kukubali kosa, hata lile linaloonekana waziwazi kichwani mwa mteja. Wa pili ni Fundi Saa, ambaye husema neno moja kila baada ya nusu saa, na nusu saa yenyewe ni kwa hesabu ya saa zake, ambazo hakuna hata mbili zinazokubaliana. Wa tatu ni Rubani. Huyu alikuwa dereva wa lori, akaliangusha lori bondeni, na tangu siku ile anazungumza habari za angani kama mtu aliyezisomea. Jumamosi hiyo asubuhi kahawa ilikuwa moto, jua lilikuwa bado halijafika kwenye benchi, na mada ilikuwa mjukuu wangu.

Mjukuu wangu yuko chuo, mwaka wa tatu, anasomea maji. Mimi niliposikia anasomea maji nilicheka, nikamwambia maji hata mbuzi anayajua. Kumbe yana elimu yake: bomba lipite wapi, tangi likae juu kiasi gani, dawa itiwe matone mangapi ili iue vijidudu bila kuua watu. Benchi lote linamwita Injinia. Basi Injinia aliomba kwenda kujitolea katika nchi ya mbali iliyopigwa na tetemeko la ardhi, akawasaidie watu wa kule kupata maji safi, wiki saba. Wakamkubali. Barua ikaja. Kilichobaki ni yeye kuthibitisha kwamba anakwenda. Jumatano nilimuuliza, “Umejibu?” Akasema, “Nimejibu, bibi.” Na Jumamosi hiyo alikuwa ametoka kwenda kununua viatu vya mpira, kwa maana barua ilisema kila mtu aje na viatu vya mpira, tochi na godoro la kukunja.

Benchi nalo likaanza kazi yake.

Rubani: Mimi nasema asiende. Tetemeko lina tabia ya kurudi. Linaondoka, linajificha mahali, linasubiri watu wajae kusaidiana, halafu linarudi kumalizia.

Wakili: Nani kakuambia?

Rubani: Mimi nimeshatetemeka. Wewe hujatetemeka.

Wakili: Wewe ulitetemeka kwa sababu breki zilikatika!

Rubani: Tetemeko ni tetemeko. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wakili: Sasa kule watu wangapi wamevunjika miguu? Ina maana nchi nzima haikusikia la mkuu?

Rubani: Ndiyo maana yake.

Ningemmwagia kahawa, ila kahawa haikuwa na kosa.

Mimi: Rubani, watu wamefukiwa na nyumba zao. Chunga mdomo.

Rubani: Samahani, Bi Birika. Lakini si wahenga hao, si mimi.

Fundi Saa akatoa jichoni lenzi yake ya kazi.

Fundi Saa: Ardhi ikitetemeka, saa za ukutani husimama.

Tukamgeukia wote.

Wakili: Kwa hiyo?

Fundi Saa: Kwa hiyo kule atakuta bado ni siku ile ile.

Akairudisha lenzi jichoni. Wakili na Rubani wakatazamana. Neno kama hilo ukimwachia Rubani ni kama kumwachia mbuzi mchele.

Rubani: Mnaona? Basi akikaa kule wiki saba atarudi hajazeeka hata siku moja! Sisi tutakuwa tumesonga, yeye yuko pale pale.

Wakili: Wewe kusonga wapi, bwana? Miaka yote hii uko kwenye benchi hili.

Rubani: Ndani kwa ndani nasonga. Halafu hilo moja. La pili, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watampa jembe la nini, na ardhi imeshajilima yenyewe?

Wakili: Acheni mambo ya majembe. Mmelichunguza neno lenyewe? Kujitolea. Lipasueni. Mtu anayejitolea amejitoa kwake, akajitia kwao. Amejitoa! Ni kama koti: ukishalitoa likachukuliwa, huwezi kurudi kesho ukasema lilikuwa langu. Kisheria hawana lazima ya kumrudisha.

Mimi: Sheria hiyo uliisoma kwenye kioo cha kunyolea.

Wakili: Sheria ni akili, Bi Birika. Barua inasema atarudi?

Mimi: Inasema wiki saba.

Wakili: Wiki saba za nani? Fundi Saa ameshakwambia kule saa zimesimama!

Hapo ndipo simu yangu ikalia.

Simu yangu ni ya vitufe, na Injinia aliandika namba yangu kwenye fomu zake, pale panapoulizwa mtu wa karibu wa kuarifiwa. Rubani alipoisikia fomu hiyo mara ya kwanza alisema anayearifiwa huarifiwa jambo moja tu, na ndipo nilipomnyima kahawa siku nzima. Nikapokea. Sauti ya mwanamke, ya ofisini, ya upole. Saa hiyo hiyo Wakili akawasha mashine yake ya kunyolea kuijaribu, ikanguruma, na Rubani akasimama kumwonyesha Fundi Saa jinsi ndege inavyotua kwenye uwanja uliopasuka. Nikaziba sikio moja. Nilichopata kilikuwa vipande vipande: “...mjukuu wako... tunafunga orodha saa sita... bado yumo... au amejitoa?”

Ningejibu nini mimi? Neno lenyewe nilikuwa nimetoka kufundishwa.

Mimi: Amejitoa, mwanangu! Amejitoa kwa moyo wake wote! Hata viatu ndiyo anavinunua sasa hivi.



Mwanamke wa ofisini: Viatu?

Mimi: Vya mpira.

Mwanamke wa ofisini: Haya... Pole, mama. Asante kwa kutuarifu.

Nikamtakia kazi njema, nikatia simu mfukoni, nikajiona mtu. Nikawasimulia wenzangu neno kwa neno, hata ile “pole” nikaitia, maana niliichukua kuwa pole ya kulea.

Rubani: Kakuambia pole?

Mimi: Ndiyo. Mtoto amelelewa akafika huko, si wameona kazi yangu?

Rubani: Watu wa ofisini hawatoi pole ovyo. Mimi walinipa mara moja tu, siku waliyonifukuza kazi.

Fundi Saa akaiweka bisibisi yake mezani. Haikuwa imefika nusu saa, kwa saa yake yoyote ile.

Fundi Saa: Bi Birika. Ulisema amejitoa, au amejitolea?

Mimi: Kuna tofauti gani?

Fundi Saa: Kuna “le”.

Kahawa niliyokuwa namimina ikafurika kwenye kikombe cha Wakili, ikafika kidoleni kwake, na Wakili hakupiga kelele. Ndivyo nilivyojua hali ni mbaya.

Wakili: Subirini. Tusihukumu kabla ya ushahidi. Mtu anayejitoa kwa ajili ya wenzake, yumo au hayumo?

Rubani: Yumo.

Wakili: Anayejitoa kwa Mungu?

Rubani: Yumo kabisa.

Fundi Saa: Mchezaji akijitoa kwenye timu?

Rubani: Mh. Huyo hayumo.

Fundi Saa: Bwana harusi akijitoa?

Rubani: Hayumo, na ahame mji.

Wakili: Basi inategemea mtu anajitoa kwa nani na anajitoa kwenye nini. Wewe Bi Birika ulisema anajitoa kwa nani?

Mimi: Nilisema kwa moyo wake wote.

Rubani: Yaa! Basi amewakataa kwa moyo wake wote! Hataki hata kuwasikia!

Mimi ni mtu wa darasa la saba. Nasoma, naandika, najumlisha. Sikuwahi kufikiri kwamba silabi moja inaweza kumshusha mtoto kutoka kwenye ndege. Nikapiga ile namba. Ikaniambia inatumika. Nikapiga tena. Inatumika. Nikaona kabisa yule mama wa ofisini ananyoosha mstari juu ya jina la mjukuu wangu, huku anampigia mwingine.

Mimi: Saa ngapi sasa?

Fundi Saa akaitazama meza yake.

Fundi Saa: Kwa ipi?

Mimi: Kwa ya kweli, bwana!

Fundi Saa: Hii inasema saa tano kasoro robo. Hii saa tano na dakika ishirini. Hii saa sita kasoro ishirini, lakini hii hukimbia.

Rubani: Haraka haraka haina baraka. Tuchukue ile ya kwanza.

Wakili: Tuandike hati ya kiapo. “Mimi, bibi mzaa mama, mwenye akili timamu...”

Rubani: Hapo kwenye akili timamu watataka shahidi. Sikilizeni, mimi nitapiga, nijifanye yeye. “Haloo, ni mimi Injinia, nimo.”

Sauti aliyoitoa ilimfanya paka wa duka la jirani ahame kizingiti.

Wakili: Wakikusikia watafuta hata tetemeko lenyewe.

Rubani: Basi maji yakimwagika hayazoleki.

Na hapo, kwenye hayazoleki, mjukuu wangu akatokea kwenye kona. Viatu vya mpira vya kijani alikuwa amevikumbatia, kila kimoja kimejazwa karatasi kisije kikabonyea. Akawasalimia babu zake wote watatu, shikamoo shikamoo shikamoo, nao wakaitikia kwa sauti za watu waliovunja kitu cha mwenyewe.

Mimi habari mbaya siizungushi.

Mimi: Mke mwenzangu, ofisi yenu imepiga. Wameuliza kama umo. Nimewaambia umejitoa.

Injinia: Nimejitolea, bibi.

Mimi: Nimewaambia umejitoa.

Akanitazama. Akawatazama babu zake, na wote wakapata kitu cha kutazama chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimejiandaa hata kwa maneno makali, maana midomo yake ameirithi kwangu. Badala yake akakaa. Akaviweka viatu chini. Nikaona mabega yake yanashuka, kama ya mtu aliyetua ndoo baada ya mwendo mrefu.

Injinia: Basi siendi.

Wakili: Usikate tamaa, Injinia, tutakata rufaa...

Injinia: Hapana, babu. Acha. Siendi. Imekwisha.

Akacheka. Kicheko chenyewe sikuwa nimekisikia tangu barua ile iingie nyumbani. Akaniomba kahawa, yeye ambaye huiita kahawa yangu maji ya mkaa, akaipiga funda moja, akakunja uso, akaipiga la pili.

Injinia: Leo nitalala.

Nami ndipo nikapata akili, imechelewa lakini imefika.

Mimi: Ngoja. Yule mama kwa nini aliuliza kama umo? Wewe uliniambia Jumatano ulijibu.

Akavisogeza viatu kwa mguu.

Mimi: Ulijibu au hukujibu?

Injinia: Sikujibu.

Mimi: Viatu umenunua, jibu hukutuma?

Injinia: Viatu najua navaa namba ngapi, bibi.

Wakili akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

Injinia: Kila siku nafungua simu yangu, naandika, nafuta; wakinipigia sipokei. Nitakwenda kumsaidia nani mimi? Watu wa kule wamefukua ndugu zao kwa mikono. Mimi nafika na daftari la mwaka wa tatu. Wana njaa, na mimi ni mdomo mwingine wa kulishwa. Hawana pa kulala, na mimi nataka pa kukunjua godoro. Lugha yao siijui. Nikikosea kupima dawa, nimeongeza wagonjwa juu ya majeruhi. Mtu akilia mbele yangu nitamwambia nini? Nimekaa darasani nikapewa mtihani wa maji taka, sikupewa mtihani wa mtu anayelia.

Rubani: Mkono mtupu haulambwi.

Injinia: Ndiyo hivyo, babu.

Hii ilikuwa mara ya kwanza methali ya Rubani kukubaliwa na mtu, naye hakujua afanye nini na furaha yake.

Mimi: Sasa uliomba ya nini?

Akakizungusha kikombe.

Injinia: Mwaka jana kwenye mazoezi walitupeleka shule moja, bomba lilikuwa limekauka miezi minne. Tulichimba siku sita. Siku ya saba nikafungua mimi koki. Kwanza ikatoa hewa, ikakohoa. Halafu matope. Halafu maji meupe kama ya kuoshea mchele. Halafu yakatakata. Mpishi wa shule akaja mbio, hakuleta ndoo, hakuleta kitu, akainama akaingiza kichwa chote chini ya bomba na kilemba chake. Nilitaka kukiona tena kile kitu. Basi. Si zaidi ya hapo.

Wakili: Na utakiona tu, hapa hapa.

Injinia: Nitakiona.

Rubani: Umepona, Injinia. Tetemeko likirudi litakukuta huku unakunywa kahawa.

Injinia: Nimepona, babu.

Akanyoosha miguu. Tukafurahi pamoja naye, jambo la ajabu, maana dakika tano kabla tulikuwa tunatafuta hati ya kiapo. Wakili akaanza kusema kosa langu lilikuwa la hekima. Mimi sikumkatiza. Kisha Injinia akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

Injinia: Nafasi yangu wanampa nani?

Mimi: Sijui. Mwingine.

Injinia: Mwingine yupi?

Mimi: Nitamjuaje? Waliosubiri.

Injinia: Anajua kupima dawa?

Wakili: Atakuwa anajua, si na yeye amesoma?

Injinia: Kusoma si kujua. Darasani kwetu tuko thelathini na mbili, wanaoweza kupima bila kurudia ni wanne.

Rubani: Mimi namwona. Kijana mmoja mrefu, mvivu, ana miwani ya jua.

Injinia: Miwani ya jua ya nini?

Rubani: Ya kupigia picha. Atasimama mbele ya nyumba iliyoanguka, ainue kidole gumba.

Wakili: Na godoro lake ni nene. Halikunjiki.

Rubani: Amekwenda na watu wawili wa kumbebea.

Injinia: Barua imesema godoro la kukunja!

Wakili: Hakusoma barua, huyo. Kasomewa.

Rubani: Akifungua koki, hewa ikitoka tu, anasema hakuna maji, anafunga, anakwenda kulala.

Injinia: Hewa ndiyo inatangulia! Mtu yeyote anajua hewa inatangulia! Unasubiri!

Alikuwa ameshasimama. Ilinibidi nimkumbushe kikombe kilichokuwa kinamwagika mkononi.

Rubani: Na wale akina mama wamesimama na ndoo, wanamtazama anavyokoroma.

Injinia: Nani huyo? Anatoka chuo gani? Hawezi kwenda mtu wa hivyo!

Fundi Saa: Injinia. Huyo mtu hayupo.

Injinia akatazama benchi zima, kifua kinapanda na kushuka, amemkasirikia mtu ambaye hajazaliwa.

Injinia: Bibi, nipe simu.

Mimi: Kwa ajili ya huyo mwenye miwani?

Injinia: Nipe simu, bibi!

Nikampa. Ikaita. Safari hii haikusema inatumika. Akaiweka kwa sauti ya juu bila kuombwa. Akaiweka juu ya ubao, nasi tukainama juu yake vichwa vitano kama watu wanaotafuta sindano.

Mwanamke wa ofisini: Haloo?

Akajitaja. Akasema anaulizia jina lake.

Mwanamke wa ofisini: Aa, ndiye wewe. Bibi yako alisema umejitoa.

Injinia: Najua. Alimaanisha nimejitolea.

Mwanamke wa ofisini: Ndivyo nilivyohisi! Unajua, nimepiga simu nyingi wiki hii. Watu wakijitoa, bibi zao huniomba radhi, wengine hunikatia simu. Huyu alikuwa anashangilia. Halafu akaniambia unanunua viatu. Nikajiuliza, anayejitoa ananunua viatu vya nini? Jina sijalifuta. Nimetia alama ya kuuliza.

Rubani akapiga paja. Wakili akamziba mdomo.

Mwanamke wa ofisini: Sasa niambie wewe mwenyewe. Zimebaki dakika saba nifunge. Umo?

Benchi zima likaacha kupumua. Mimi nilimtazama kidevuni, pale anapotetemeka tangu utoto akiwa karibu kulia, na pale hapakutetemeka.

Injinia: Nimo.

Mwanamke wa ofisini: Kwa moyo wote?

Injinia: Naogopa. Lakini nimo.

Mwanamke wa ofisini: Wote wanaogopa. Wasioogopa huwa tunawarudisha. Nimekuandika. Jumanne, saa moja asubuhi, uwanja wa ndege, na usichelewe.

Simu ikakatika. Fundi Saa akasema kwa hiyo saa yake inayokimbia ndiyo ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyemsikiliza. Wakili alikuwa anadai ushindi wa kesi. Rubani alikuwa anadai ni yeye aliyemuumba yule kijana mvivu, na bila kijana mvivu hakuna simu. Wakabishana nani amempeleka Injinia ng'ambo, watu wale wale ambao nusu saa kabla walikuwa wamemzika.

Yeye mwenyewe alikaa chini, akavua viatu vyake, akatoa karatasi kwenye vile vya mpira, akavivaa. Akasimama. Akapiga mguu mmoja chini, kisha wa pili.

Mimi: Vinabana?

Injinia: Havibani.

Mimi: Basi nenda nyumbani ukaanike nguo, Jumanne haiko mbali. Na ukinidanganya tena kwamba umejibu, nitawaambia kweli umejitoa.

Akanikumbatia, mbele za watu, sikupata muda wa kukwepa. Akaondoka na viatu vya mpira miguuni, jua kali, barabara kavu kama mfupa, anapiga kwapu, kwapu, kwapu, watu wanatazama mbinguni kutafuta mvua. Anatembea kama mtu mwepesi.

Alipopinda tu akaja mama mmoja asiye wa pale, ana chupa kubwa ya kahawa, ametumwa na wajenzi wa nyumba ya mtaa wa nyuma. Akakuta wazee watatu wanagombania utukufu. Akauliza kuna nini, kosa ambalo hatalirudia. Wakamsimulia wote kwa pamoja. Wakili alianzia kwenye koti, Rubani alianzia bondeni kwenye lori, Fundi Saa alisema “le”. Mama wa watu akasikiliza mpaka mwisho, chupa mkononi, hakukatiza. Kisha akanigeukia mimi.

Mama mwenye chupa: Nimeelewa. Ila bibi, wewe ulikuwa unataka aende?

Nilitegemea mmoja wao ajibu. Watu hawa hujibu hata wasiloulizwa. Wakili amewahi kumjibu mtu aliyekuwa anaongea na simu. Lakini Wakili alikuwa anaipuliza mashine yake nywele ambazo hazikuwamo. Rubani alitafuta methali, nikamwona kabisa anaitafuta, midomo inacheza, haikuja. Fundi Saa alinitazama kwa jicho lile lisilo na lenzi.

Nikaliinua birika, nikalitikisa.

“Kahawa imekwisha,” nikamwambia.

Nalo lilikuwa tupu kweli. Yule mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa, akaenda zake na chupa yake.

Mimi huwa sikai kwenye lile benchi. Muuzaji akikaa, wateja nao wanajisahau. Lakini nikazima jiko, nikalifunika birika, nikakaa, na magoti yakashukuru. Fundi Saa akasogea kidogo kunipa nafasi.